Mzee Malecela, kama tulivyomwona kutoka Mvumi

Mwanzoni mwa Agosti 2010 nilimrudisha baba yangu kijijini, upande wa Mvumi, kutoka Dodoma mjini alikokuwa amekaa kwangu wiki tatu akitibiwa macho. Matibabu yalikuwa hayajakwisha, lakini alikuwa amekataa katakata kukaa zaidi, kwa sababu siku ya kura za maoni za CCM ilikuwa imefika na kadi yake ilikuwa ya tawi la kule, si la mjini. Mwaka ule Chama kilikuwa kimebadili utaratibu: badala ya wajumbe wachache kukutana ukumbini na kumchagua mgombea ubunge, kila mwanachama mwenye kadi aliruhusiwa kupiga kura tawini kwake. Baba, ambaye kadi yake ya kwanza ilikuwa ya TANU, hakuwahi katika maisha yake yote kuulizwa na Chama nani awe mgombea wa jimbo. Aliniambia kwamba hata kama macho yangekuwa yamefungwa bandeji, angekwenda akiongozwa kwa fimbo.

Jina lililokuwa juu ya midomo ya watu wote lilikuwa la John Samuel Malecela, wakati huo mwenye umri wa miaka 76, waziri mkuu mstaafu, makamu mwenyekiti wa zamani wa Chama, mtu aliyeiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa kabla ya wengi wa waliopanga foleni ile kuzaliwa. Kwa jioni chache zilizofuata nchi nzima iliongea habari moja: Mzee Malecela ameangushwa Mtera, na aliyemwangusha ni Livingstone Lusinde, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Kibajaji. Magazeti yaliandika habari hiyo kama tetemeko. Sisi tuliotoka kule tuliisikia kwa namna nyingine, na kwa muda mrefu nimetaka kuieleza namna hiyo, kwa sababu nadhani yapo mambo katika maisha ya kisiasa ya mzee huyu ambayo huwezi kuyaona vizuri ukiyatazama kutoka Dar es Salaam.

Kwanza nieleze nchi yenyewe. Jimbo la Mtera lilikuwa upande wa kusini wa iliyokuwa wilaya ya Dodoma Vijijini, ambayo tangu mwaka 2007 imegawanywa kuwa Chamwino na Bahi. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Iringa unaingia katika nchi ya migunga na mibuyu, ardhi ya mchanga mwekundu, vijiji kama Handali, Idifu, Mpwayungu, Fufu, kisha unateremka hadi bwawani. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600 ikiwa mwaka ni mzuri. Watu hulima uwele, mtama na karanga, na hufuga. Kiangazi, maji hutafutwa kwa kuchimba mchanga wa makorongo. Njaa kule ni sehemu ya kalenda: wazee huhesabu umri kwa majina ya njaa, na kubwa kupita zote ni Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wakati majeshi ya pande mbili yalipokwisha kuchukua ng'ombe na nafaka na kisha mvua ikakosekana.

Mvumi ndipo alipokaa Mtemi Mazengo, na ndipo wamisionari wa Kianglikana walipojenga shule na hospitali ambayo watu wenye matatizo ya macho huifuata kutoka mbali. Kutoka mazingira hayo ya misheni ndipo kilipotoka kizazi cha Wagogo wa kwanza kushika kalamu za serikali. Job Lusinde, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru na aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mmoja wao. Malecela, aliyezaliwa Aprili 1934 na kupewa pia jina la Kigogo la Cigwiyemisi, alikuwa mwingine. Yeye alivuka bahari akasoma Chuo Kikuu cha Bombay nchini India, akamaliza mwaka 1959, akaendelea Cambridge. Kwa mkoa ambao shule ya sekondari ilikuwa ya kuhesabika kwa kidole kimoja au viwili, mtu wa namna hiyo alikuwa mali ya watu wote hata kama hawajawahi kumwona.

Na kweli hatukumwona. Tulimsikia. Nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, ya betri, na baba aliifungua saa mbili usiku kwa taarifa ya habari tu, ili betri zisiishe. Uteuzi ulitangazwa kwa njia hiyo. Mtu angeweza kulala akiwa waziri wa wizara moja na kuamka akiwa wa nyingine, au balozi, au mkuu wa mkoa, na yeye mwenyewe wakati mwingine alisikia pamoja na sisi. Ukiziweka kazi za Mzee Malecela katika mstari mmoja utaona jinsi maisha yake yalivyokuwa ya aina hiyo: balozi wetu Umoja wa Mataifa katikati ya miaka ya 1960, kisha Ethiopia, kisha waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1972 hadi 1975, Kilimo hadi 1980, baadaye Madini, baadaye Mawasiliano na Uchukuzi, halafu Mkuu wa Mkoa wa Iringa, halafu Balozi Uingereza, na Novemba 1990 Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Karibu kila hatua katika mstari huo ni ya kuteuliwa. Alipanda kwa sababu mwenye mamlaka ya kuteua, kwanza Mwalimu Nyerere na kisha Mzee Mwinyi, alimwona anafaa, na ninaamini alifaa. Lakini mtu anayepanda kwa njia hiyo anajifunza kusikiliza upande wa juu, na nitarudi hapo.

Kuhusu miaka yake ya Mambo ya Nje nitasema kidogo, ingawa ndiyo ambayo wasomi huisifu. Ilikuwa miaka ambayo ukombozi wa kusini ulikuwa ukigeuka kutoka ndoto kuwa ratiba: makubaliano ya Lusaka kati ya Ureno na FRELIMO yalitiwa saini Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru Juni 1975. Kwa watu wa Dodoma sera hiyo haikuwa maneno ya hotuba. Kongwa, katika mashamba yaliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru tangu mwaka 1964, na wanakijiji wa kule walifanya biashara, walioana na walizika pamoja na vijana wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Mwaka 1986 alirudi katika shauri hilo kwa njia nyingine, akiwa mmoja wa watu saba wa kundi la viongozi mashuhuri lililoundwa na Jumuiya ya Madola baada ya mkutano wa Nassau, chini ya Malcolm Fraser wa Australia na Olusegun Obasanjo wa Nigeria. Kundi hilo liliingia Afrika Kusini, likakutana na Nelson Mandela akiwa bado kifungoni, na lilikuwa bado katika mazungumzo pale ndege na makomando wa makaburu waliposhambulia Botswana, Zambia na Zimbabwe tarehe 19 Mei. Likaondoka, likaandika taarifa iliyosema wazi kwamba serikali ile haikuwa tayari kuuacha ubaguzi. Mgogo wa Mvumi kukaa meza moja na Mandela mfungwa ni jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kufundishwa katika kila shule ya msingi ya mkoa wetu. Mimi nimefundisha miaka 26 na sijalikuta katika kitabu chochote cha darasani.

Wizara ya Kilimo ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu pale ndipo waziri wa kutoka nchi kame alipowekwa mbele ya tatizo la kwao mwenyewe.

Aliingia mwaka 1975. Miaka miwili kabla yake mvua ilikuwa imekataa sehemu kubwa ya nchi, na wakati huohuo mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Dodoma sisi tulitangulia. Operesheni yetu ilifanyika mwanzoni mwa muongo ule, watu wakatolewa kwenye matembe yao yaliyotawanyika na kuwekwa kwa mistari kando ya barabara. Nchi ikaingiza chakula kutoka nje. Watoto wa umri wangu tunakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na jinsi ulivyokuwa na harufu yake, na jinsi mama zetu walivyouchanganya na uwele kidogo ili ugali uwe na sura ya ugali. Mwaka uliofuata, 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikawa ya mamlaka za mazao na ya vijiji vyenyewe. Baba yangu alikuwa karani wa ushirika. Alirudi na daftari lake la mizani na kalamu mbili, akaanza kulima karanga na hakuwahi kuajiriwa tena.

Nilipokuwa sekondari nilimuuliza kama hakuwa na kinyongo. Alinishangaa. Alisema uamuzi ule ulikuwa wa serikali nzima na wa Chama kizima, na kwamba waziri mmoja hawezi kubebeshwa mzigo wa baraza zima. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulielewa wakati ule: kwamba kwa mtu wa Mvumi kuwa Waziri wa Kilimo ilikuwa vigumu kuliko kwa mtu wa Mbeya, kwa sababu wa Mbeya akisema sera ni nzuri, shamba lake litamuunga mkono.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sera za kilimo za miaka ile zilitungwa kwa fikra ya mahindi, mbolea na mvua ya kutegemewa, na katika sehemu za nchi zenye mvua hiyo kweli kulikuwa na mavuno mazuri mwishoni mwa muongo. Mtu wa Idifu hakuwa ndani ya fikra hiyo. Aliambiwa alime mahindi, akalima, yakakauka yakiwa na kimo cha goti, na mwaka uliofuata akarudi kwenye uwele kimyakimya. Serikali yenyewe ilihimiza mtama na uwele kwa maeneo makavu, lakini bei, ghala na heshima vilikuwa vya mahindi. Simlaumu Mzee Malecela kwa hilo zaidi ya ninavyowalaumu waliokaa naye, lakini naona huzuni yake. Mtu aliyekulia kwenye mlenda na ugali wa uwele, anasaini nyaraka zinazochukulia kwamba chakula cha Mtanzania ni sembe.

Bwawa la Mtera lilikamilika karibu na mwaka 1980, mwaka aliotoka Kilimo. Mto Ruaha Mkuu ulizuiwa hapo ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, na mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kufua umeme wake, megawati 80. Niliona bwawa lile kwa mara ya kwanza nikiwa kijana, juu ya lori la mizigo, tukielekea Iringa. Sikuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Kulikuwa na miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, na wavuvi waliohamia kutoka mikoa ya mbali, na nyaya nene za umeme zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda zake. Usiku huo tulilala katika kijiji cha jirani, na mwenyeji wetu aliwasha koroboi.

Kwa hiyo jina la jimbo likawa jina la bwawa, na mbunge wa Mtera akawa, kwa masikio ya nchi, mbunge wa mahali penye maji na umeme. Wananchi wake walikuwa wakichimba makorongo. Nadhani kila mtu aliyewahi kuchaguliwa kule ameubeba uzito wa jina hilo, na hakuna aliyewahi kulieleza jambo hili kwa ufasaha bungeni kwa namna ambayo mimi ningependa.

Sasa nifike kwenye uwaziri mkuu, ambao ndio uliomkweza na ndio uliomfungia mlango.

Aliingia nchi ikiwa inabadilika kwa kasi ambayo leo tumeisahau. Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza maoni. Karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, Chama kikakubali, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Serikali aliyoisimamia Malecela ndiyo iliyolitekeleza badiliko hilo bila damu kumwagika, na ningetamani kumbukumbu zetu zimpe haki yake kwa hilo. Wakati ule watu walimwita Tingatinga, kwa sifa, kwa maana ya mtu ambaye akiingia barabarani kichaka kinalala.

Lakini mwishoni mwa 1992 Zanzibar iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, jambo ambalo wengi walisema Katiba haikuliruhusu, na moto ukawaka. Hoja ikahama haraka kutoka kwenye uanachama ule kwenda kwenye Muungano wenyewe: kama Zanzibar inaweza kujiamulia hivyo, wabunge waliuliza, Tanganyika iko wapi? Wabunge 55, ambao historia inawajua kama G55, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walileta hoja ya kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Zanzibar ilijitoa katika jumuiya ile Agosti 1993, lakini mwezi huohuo Bunge lilipitisha azimio la kuitaka Serikali ya Tanganyika, na serikali, ambayo mwanzo ilikuwa imelipinga, haikulizuia.

Mwalimu alikuwa amestaafu uenyekiti tangu 1990, lakini hilo hakuliacha lipite. Alipinga kwa hotuba, kwa vikao, na mwishowe kwa kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, ambamo alimtaja Waziri Mkuu Malecela na Katibu Mkuu wa Chama Horace Kolimba kwa ukali ambao haukuwa umezoeleka katika siasa zetu za maandishi. Kiini cha hoja yake, ukiondoa hasira, ni hiki: sera ya Chama ilikuwa serikali mbili, serikali haikupewa idhini na mtu yeyote kuibadili, na mshauri mkuu wa Rais anapomfikisha Rais mahali pa aibu, wajibu wake ni kujiuzulu na si kusubiri. Chama kiliirudisha sera ya serikali mbili baada ya kuuliza wanachama, Bunge likafuata mwaka 1994, na Desemba mwaka huo Rais Mwinyi alivunja baraza na kumteua Cleopa Msuya kushika nafasi ya Malecela.

Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na katika ofisi ya walimu tuligawanyika. Nimekisoma kitabu kile mara tatu kwa miaka tofauti, na msimamo wangu umetulia sasa. Kuhusu utaratibu, Mwalimu alikuwa sahihi. Waziri mkuu asiyeikubali hoja anaipinga mpaka mwisho. Akiikubali, anakwenda kwenye Chama chake na kuomba sera ibadilishwe hadharani. Kuipinga asubuhi na kuiacha ipite jioni kwa kuogopa wingi wa wabunge ni kosa la uongozi, na Mzee Malecela alilifanya. Hapa ndipo ninapoliona lile la kusikiliza upande wa juu. Kwa miaka 30 alikuwa amefanya kazi ambamo sauti ya juu ilikuwa moja. Mwaka 1993 sauti zikawa tatu kwa pamoja, za Rais, za wabunge na za Mwalimu, na yeye akajaribu kuzisikia zote.

Ninachokataa ni kwamba kosa moja liwe hukumu ya maisha. Mwaka 1995 alitaka kugombea urais. Mkutano mkuu ulikuwa hapahapa Dodoma, ukumbi wa Chimwaga, umbali ambao kutoka Mvumi mtu mwenye baiskeli nzuri angeweza kwenda na kurudi siku moja. Jina lake halikufika mbele ya wajumbe. Waliofika ni Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya; Kikwete aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Mkapa, na katika duru ya pili Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Ushawishi wa Mwalimu katika kuliondoa jina la Malecela haukuwa siri kwa mtu yeyote. Wapo wazee wa kwetu waliokuwa wameandaa ngoma. Sisemi angeshinda, nasema wajumbe wale 1,300 na ushei, waliokuwa na akili ya kumchagua Mkapa kwa tofauti ya kura 47, walikuwa na akili ya kutosha pia ya kumpima Malecela na kosa lake la 1993 wakiliona wazi mbele yao.

Alibaki ndani ya Chama, akawa makamu mwenyekiti upande wa Bara hadi 2007, na mwaka 2005, Mwalimu akiwa ameshatutoka, akachukua fomu tena. Wagombea walikuwa 11. Akakatwa tena, na Kamati Kuu ya Chama ambacho yeye mwenyewe alikuwa makamu wa mwenyekiti wake. Kikwete aliingia mkutano mkuu na kutoka na kura 1,072. Miaka kumi baadaye, 2015, binti wa Mzee Malecela, Dk. Mwele Malecela, naye alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa kugombea urais, na jina lake pia halikupita. Baba yangu alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, vinginevyo angefuatilia kwa karibu, kwa sababu macho yake yaliharibiwa na vikope, ugonjwa wa nchi kavu zenye vumbi na maji machache, na Dk. Mwele ndiye baadaye aliyeongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, vikope vikiwa mojawapo, hadi alipofariki mwaka 2022. Katika familia ile, pengine kazi iliyogusa kope za Wagogo moja kwa moja kuliko nyingine ilikuwa ya binti.

Narudi tawini. Foleni ile ya Agosti 2010 ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na nusu yake walikuwa vijana na akina mama waliokata kadi miaka ya karibuni. Nilikaa chini ya mti wa mkungugu pamoja na wasio wanachama, nikasikiliza. Hakuna aliyemtukana mzee. Mama mmoja alisema kwamba yeye hana ugomvi naye, kwamba akimwona angemwamkia "mbukwenyi" kwa magoti yote mawili, lakini kwamba anataka mbunge ambaye akimpigia simu usiku kuhusu pampu, ataipokea. Kijana mmoja alisema mzee ni wa taifa. Alisema kwa heshima, na ndipo nilipojua kwamba matokeo yamekwisha kuamuliwa, kwa sababu kura ya siku ile haikuwa ya taifa.

Chini ya utaratibu wa zamani, wajumbe wa mkutano wa jimbo walikuwa mamia kadhaa, wengi wao wazee wa Chama na viongozi wa kata, watu waliomjua, waliomstahi, waliowahi kusaidiwa naye. Mbele ya hao sidhani kama angeshindwa. Mwaka 2010 mlango ulifunguliwa kwa maelfu, na maelfu hao hawakuwahi kuisikia redio yetu ya saa mbili usiku. Kwao Bombay, New York, Nassau na London hazikuwa na uzito. Wala sikubali wanaosema kwamba Wagogo walikosa shukrani. Kwa mara ya kwanza waliulizwa kwa kichwa chao kimoja kimoja, wakajibu swali waliloulizwa.

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo kutoka Dar es Salaam halikuonekana. Mwaka 1995 na 2005 alizuiwa asifike mbele ya wapiga kura. Mwaka 2010 alifika, wakamkataa. Watu huyahesabu haya kama vipigo vitatu vya aina moja, na mimi nayaona kuwa mambo mawili tofauti kabisa. Cha tatu kilikuwa haki yake kukipata, kama kilivyokuwa haki ya wale waliokitoa, na sioni aibu yoyote ndani yake kwa upande wowote.

Barabara ya lami kutoka Dodoma kupita Fufu na Migori hadi Iringa ilizinduliwa mwaka 2018. Kipande cha kushuka mlima wa Fufu, ambacho zamani malori yalikilalia siku mbili wakati wa masika, sasa nakipita kwa dakika chache, na ninapofika juu ya ukuta wa bwawa huwa napunguza mwendo.

Baba alitumia muda mrefu ndani ya chumba cha kura siku ile, muda mrefu kiasi kwamba msimamizi alitoka kuniuliza kama mzee anahitaji mtu wa kumsaidia kusoma majina. Nikaingia kumuuliza. Alikuwa ameinamisha uso hadi karatasini, kidole kikitembea polepole chini ya herufi, na aliponisikia alifunika karatasi kwa kiganja na kuniambia nitoke nje. Tuliporudi nyumbani sikumuuliza amempa nani. Nilimuuliza mwaka uliofuata, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Aliishi miaka minne baada ya siku ile na hakuniambia.